Mtu Hujikuna Ajipatapo

Mtu hujikuna ajipatapo ni methali ya kiasi. Mwasho unaweza kuwa katikati ya mgongo, lakini mkono una mwisho wake, na anayewashwa hukuna pale vidole vinapofika. Maana yake ni hii. Kila mtu na atende kwa kadiri ya uwezo wake, na mwenye kuujua uwezo huo ni yeye, si jirani.

Methali hii hutajwa sana penye mahari, harusi na ada za shule, lakini kodi ya nyumba huipima vizuri zaidi. Dar es Salaam, wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Familia inayopanga nyumba nzima kwa shilingi 350,000 kwa mwezi hutoa 2,100,000 kila nusu mwaka. Ikihamia chumba na sebule vya shilingi 150,000, hutoa 900,000. Inayobaki ni 1,200,000, fedha ya kununulia tofali na saruji za kuanzia. Ila dalali naye hudai chake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja, na kirikuu cha kubeba vyombo hakiendi bure. Kuhama kwa miezi michache hakulipi.

Hesabu ni nyepesi; uzito uko kwenye macho ya watu. Waliozoea geti na choo cha ndani wanajikuta kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na foleni ya bafu alfajiri, na ugomvi wa umeme wa LUKU kwa kuwa mita ni moja na mwenye friji anachanga sawa na asiye nalo. Makochi yanagusana, kabati la vyombo linahifadhiwa kwa ndugu, na shemeji anauliza kama kazi imeharibika. Methali ina jibu la shemeji huyo. Anayepanga nyumba kubwa ili aonekane anajikuna kwa mkono wa kuazima, na cha kuazima hudaiwa.

Wapo wanaoifanya methali hii kuwa amri kwa maskini kwamba asitamani. Hayo ni maelezo finyu. Methali inataja mahali mkono unapofika leo. Haisemi utaishia hapo daima. Anayejibana ili anunue kiwanja Chanika au Kigamboni, kisha apandishe boma kozi kwa kozi, anauheshimu mpaka wa uwezo wake na papo hapo anausogeza. Wengi hugeuza akiba kuwa tofali mapema, kwa sababu fedha taslimu huombwa na ndugu, tofali haziombwi. (Nondo na mchanga ni habari nyingine: visipolindwa huondoka vyenyewe.)

Hata hivyo, Waswahili wana methali nyingine isiyopaswa kusahauliwa hapa: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kujibana kwa muda kusikotajiwa mwisho hugeuka kuwa maisha. Binti anayekua anaweza kulala nyuma ya pazia sebuleni pamoja na kaka zake kwa mwaka mmoja. Miaka mitano ni kumwonea. Vivyo hivyo, shule ikiwa mbali na nyumba mpya, nauli za daladala hula kile kilichookolewa kwenye kodi, na watoto hulipa sehemu yao kwa kuamka saa kumi usiku. Uwezo wa familia unajumuisha miili ya watoto, si mfuko wa baba na mama peke yake.

Familia inayohama ikiwa imekwisha kuhakiki kiwanja chake kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri, na kupanga mwezi wa kuingia nyumba yake yenyewe hata kabla ya plasta, inajikuna inapojipata. Ile inayohama, kisha fedha iliyookolewa ikaishia kwenye sare za harusi, imepata nyumba ndogo tu.