Kikombe cha Mtu Mmoja

Wengi wetu tuliokulia mwambao hatukulelewa na kahawa ya nyumbani. Nyumbani kulipikwa chai, asubuhi na jioni, na kahawa ilikuwa ya barzani. Muuza kahawa alipita na dele lake la shaba lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe mkononi, na mlio ule ulitosha kuwatoa watu ndani. Kahawa yenyewe ilikuwa nyeusi na chungu, pengine na tangawizi au iliki, na kando yake kashata ya kuutuliza ulimi. Kikombe kilikuwa kidogo, cha mafunda machache tu, na kilipokwisha kilisuuzwa akapewa mwingine. Hakuna aliyeuliza kahawa ile imepikwaje. Tulichotaka kujua ni nani yupo, nani hakuonekana siku hiyo, na kwa nini.

Huku ughaibuni mambo yamegeuka. Hapa Uingereza kahawa inauzwa kila pembe ya barabara, lakini barza haipo. Anayetaka kahawa hununua kikombe cha karatasi akaondoka nacho mbiombio, au huipika mwenyewe jikoni kwake. Baadhi yetu tumeifuata njia hii ya pili. Tumenunua chujio dogo la udongo lenye umbo la faneli, linalokaa juu ya kikombe na kutiwa karatasi ndani yake. Ni chombo rahisi, hakina waya wala swichi, na kazi yake ni kutoa kikombe kimoja. Hapo ndipo swali letu linapoanzia. Je, kahawa ya mtu mmoja ni kahawa? Yaani, jambo analolifanya mtu kwa uangalifu mkubwa, kisha akalimaliza peke yake bila ya shahidi wala mshiriki, lina wema gani?

Kabla ya kulijibu, tukitazame chombo chenyewe. Mwaka 1908 mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, aitwaye Melitta Bentz, alichoshwa na mashapo na uchungu wa kahawa yake. Alichukua chombo cha shaba nyeupe, akakitoboa matundu chini, akakata karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, akaiweka ndani na kumimina maji ya moto juu ya kahawa. Kilichoshuka kilikuwa safi. Akakisajili chombo chake mwaka huohuo, na hadi leo machujio ya karatasi yanafuata wazo lake. Hakuwa mhandisi, alikuwa mama wa nyumbani aliyekataa kuvumilia kitu kibaya ambacho kila mtu alikuwa amekizoea.

Namna ya kukitumia si siri. Tunapima gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, na ni bora buni zisagwe wakati uleule kwa kinu cha mkono, kwani harufu ya kahawa iliyokwisha kusagwa haikai. Usagaji uwe wa wastani, mfano wa mchanga wa pwani. Maji yakishachemka tunayaacha yapoe kidogo, kama nusu dakika. Karatasi tunaisuuza kwanza kwa maji ya moto ili isitoe ladha yake, na kikombe nacho kipate joto. Kisha tunamimina maji machache tu, ya kulowanisha kahawa yote, halafu tunangoja nusu dakika nyingine. Hapo kahawa iliyokaangwa karibuni huumuka na kutoa mapovu, kwa sababu hewa iliyojificha ndani ya punje tangu ilipokaangwa inatoka. Ndipo tunamimina maji yaliyobaki kidogo kidogo, kwa kuzungusha mkono, mpaka yaishe. Kazi yote huchukua dakika tatu hivi. Ikitoka kali na chungu mno, huenda imesagwa laini kupita kiasi. Ikiwa nyepesi na yenye uchachu, imesagwa mikubwa mno au maji yamepoa. Na kwa wenzetu wa London, ambako maji ya bomba yana chokaa nyingi, jagi lenye kichujio cha maji husaidia sana.

Anayeyasoma haya kwa mara ya kwanza atacheka. Mizani ya gramu kwa kikombe cha kahawa! Wazee wetu walikaanga buni katika chungu, wakazitwanga, wakazichemsha kwenye dele, na hawakupima chochote. Baadhi ya jamaa zetu wametuambia waziwazi kwamba huku ni kujitia uzungu, au ni israfu ya wakati.

Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini si kweli kwamba wazee hawakupima. Walikuwa na kibaba na pishi, na waliojua kazi yao walipima kwa kiganja, kwa jicho na kwa pua. Muuza kahawa hodari aliujua moto wake kama baharia aujuavyo upepo. Mizani yetu ni ishara ya unyonge kuliko majivuno: tunapima kwa kuwa mikono yetu haijajua. Tena, shaka juu ya kahawa haikuanza leo. Mwaka 1511 Khair Beg, liwali wa Mamluki katika mji wa Makka, aliwakusanya wanavyuoni na kuipiga kahawa marufuku, kabla ya Cairo kuitengua amri hiyo. Hofu yake haikuwa kinywaji peke yake, bali pia watu waliokuwa wakikusanyika kwa ajili yake. Na katika karne iliyotangulia, masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa usiku ili wapate kukesha katika dhikri, wakipokezana chombo kimoja. Kwa hiyo tangu mwanzo wake kahawa ilinyweka kwa pamoja, na ilinyweka kwa ajili ya kuamka. Hilo la pili tutalirudia.

Wema wa kwanza tunaouona katika chujio hili ni kwamba halina wa kumsingizia. Mashine ikitoa kahawa mbaya tunailaumu mashine. Muuzaji akitupa kahawa baridi tunamlaumu muuzaji. Lakini mkono wako mwenyewe ukimimina maji kwa pupa, kikombe kitakuambia ukweli, na hakuna mwingine aliyekuwepo jikoni. Ni shule ndogo ya uaminifu. Mtu huonekana alivyo pale asipoonekana na watu, na anayeweza kusubiri nusu dakika bila ya kulazimishwa amejifunza jambo ambalo atalihitaji kwingine.

Wema wa pili ni wa kumkumbuka aliyetutangulia. Mara nyingi tunda la kahawa nzuri lilichumwa kwa mkono likiwa jekundu, kwa kuwa matunda ya tawi moja hayaivi siku moja. Likamenywa, likachachushwa, likaoshwa, likaanikwa juani, likachambuliwa. Wale miongoni mwetu wenye asili ya Kilimanjaro, Kagera, Nyeri, Mlima Elgon au Kivu wanaijua kazi hiyo kwa migongo ya wazazi wao. Wachagga waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na ada za shule za watoto wengi zilitoka kwenye kahawa. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ziliporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishuka hata wakulima wengine wakaing'oa mibuni. Mwaka 2025 bei ya arabika ilipanda kupita dola 4 kwa ratili, na wanunuzi huku wakalalamika, ilhali wengi hawakulalamika pale iliposhuka.

Hapa lazima tujisemee kweli. Kumimina maji taratibu hakumwongezei mkulima hata senti moja. Mtu anaweza kuwa fundi wa chujio na asijali kitu. Tunachosema ni kwamba kuharibu jikoni, kwa uzembe wa dakika tatu, kitu kilichohangaikiwa mwaka mzima shambani, ni utovu wa adabu. Kukitengeneza vizuri ni adabu. Adabu si haki kamili, lakini asiye na adabu kwa kazi ya mwenziwe ni vigumu kumtarajia haki.

Hayo mawili tuliyaamini kwa muda mrefu, tukaona swali letu limekwisha. Kumbe tulikuwa tumefika nusu ya njia.

Katika jumuiya yetu yupo mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Tulimzika mama yule, tukakaa matanga, tukasoma hitima, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Kazi za zamu, watoto, safari za treni, udhuru haukukosekana. Siku tulipokusanyika watu saba kwenda kumtazama, ilikuwa imepita miezi minne. Alitufungulia mlango, tukamwamkia, akaitika, wala hakutuuliza tulikuwa wapi. Alituuliza kama tutakunywa kahawa.

Tukamwambia, "Mzee, usijisumbue. Hata ya kopo inatosha."

"Kaeni, wanangu," akasema. "Mgeni hapewi kilicho karibu na mkono."

Alikuwa na chujio moja, kama haya yetu. Akapima, akasaga kwa mkono, akamimina, akangoja, akampa wa kwanza. Kisha akaanza upya kwa ajili ya wa pili. Tulitaka kumsaidia akakataa, ila alimruhusu mmoja wetu azungushe kinu. Vikombe vilikuwa vinne, kwa hiyo aliyemaliza alikisuuza chake kikapewa mwingine. Ilichukua karibu dakika arobaini, na hakuna aliyetazama saa. Katika kungoja kule tulizungumza mambo ambayo hatungeyazungumza kama kahawa ingekuja yote kwa pamoja katika trei. Alitusimulia habari za marehemu, alivyofika nchi hii wakati wa baridi bila ya koti, na alivyokataa kata kata kunywa kahawa isiyo na iliki.

Ilipofika zamu yake mwenyewe, tulimwona akipima gramu 30, akasita, akarudisha nusu kwenye kopo. "Miaka yote nilipima ya wawili," akasema. "Hii ya mtu mmoja ndiyo iliyonishinda kujifunza."

Tulitoka pale tumeinamisha vichwa. Sisi tulikuwa tumeijua vizuri hiyo ya mtu mmoja. Tulijua gramu, tulijua joto la maji, tulijua sekunde za kungoja, na hatukujua kuhesabu wiki ambazo mzee yule alikaa peke yake maili mbili kutoka majumbani mwetu.

Kwa hiyo jibu letu la sasa ni hili. Kahawa ya mtu mmoja ni kahawa, na uangalifu wa mtu aliye peke yake ni wema wa kweli, lakini ni wema wa akiba. Mtu anajifunza kupima, kungoja na kutoharibu, na mafunzo hayo yako mikononi mwake kama amana. Amana inayokaa milele kwa aliyewekewa, bila ya kumfikia mwenyewe, inageuka kuwa kitu kingine. Masufi wale walikesha na kahawa ili waamke kwa ajili ya jambo kubwa kuliko kinywaji. Nasi kama kahawa yetu nzuri haituamshi tukamwona jirani, basi tumelala tukiwa macho.

Watu wa ukanda wetu walilijua hili kwa njia nyingi. Wahaya humkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, matunda mabichi yaliyochemshwa na kukaushwa. Baganda wa zamani, walipofunga undugu wa damu, walitumia punje za kahawa: zilipakwa damu, na kila mmoja akala ya mwenzake. Na kule Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, mgeni humiminiwa kidogo kidogo katika finjani mpaka aitikise mwenyewe kuonyesha ametosheka. Mwenyeji hana ruhusa ya kuamua kwamba mgeni ameshiba. Ukilipasua tunda la mbuni utakuta, mara nyingi, punje mbili zimelaliana ubavu kwa ubavu. Ya peke yake hutokea, lakini ni nadra.

Hatuwezi kuihamisha barza ya nyumbani tukaiweka chini ya mvua ya Uingereza. Majumba yetu ni madogo na zamu zetu hazilingani. Lakini chujio la kikombe kimoja linaweza kutumika mara saba, kama tulivyofundishwa, na ucheleweshaji wake ndio faida yake. Siku hizi tunaenda kwa mzee wetu kila Jumamosi, wawili wawili, kwa zamu. Kinu amekwisha kutuachia. Iliki anaitia mwenyewe, na kwa hilo hataki ushauri.

Nawe msomaji, kesho asubuhi utakapopima gramu zako 15, jiulize ni nani hajaonekana. Kisha ongeza nyingine 15, na upige simu.