Nani Mjinga: Aliyeingia Hemani au Aliyekuwa Ndani?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunaijua tamthilia ya Kituruki iliyoonyeshwa na Azam TV kwa sauti za Kiswahili kwa jina la Sultan. Kule Uturuki ilirushwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2014. Hata asiyekuwa na king'amuzi ameiona kwa flashi inayopita mkono hadi mkono, chumba hadi chumba. Na walioitazama wanakumbuka hema moja. Mwanamfalme Mustafa ameitwa na baba yake, Sultan Suleiman. Ameonywa asiende. Anakwenda, anaingia peke yake bila silaha, na hatoki tena akiwa hai. Hapo ndipo watazamaji hupiga kelele: "Usiingie!" Akishaingia, linabaki neno moja midomoni: mjinga.

Hukumu ya kutazama tamthilia ni mlango mwingine, na wenye elimu kutuzidi wameshauzungumza. Mimi nataka tulitazame hilo neno linalotutoka. Je, ni haki kumwita mtu mjinga kwa sababu tu uamuzi wake uliishia pabaya? Swali hili linaonekana dogo, lakini ulimi uliozoea kuhukumu watu wa kwenye kioo hauishii kwenye kioo. Kesho yake utamhukumu jirani, na keshokutwa utamhukumu mzazi.

MTAZAMAJI AMEKAA WAPI?

Tuanze na sisi wenyewe. Mtazamaji ameona vyumba ambavyo Mustafa hakuingia. Amesikia mazungumzo yaliyofanywa mlango ukiwa umefungwa. Amesikia muziki ukibadilika, na muziki huo Mustafa haukumfikia. Zaidi ya hayo, mtazamaji hapotezi kitu. Akikosea kubashiri, anacheka na kunywa chai yake. Aliye ndani ya kisa anaamua kwa kile anachokijua saa hiyo, na akikosea analipa kwa shingo.

Sisi Waislamu tulifundishwa zamani jinsi ya kukitazama kisa cha namna hii. Katika Surat Yusuf, kuanzia aya ya 9, Allah anatuonyesha ndugu zake Yusuf wakipanga kumuua au kumtupa kisimani. Ndipo inapofuata aya ya 11, wanakwenda kwa baba yao kumwomba ruhusa ya kwenda naye machungani. Sisi wasomaji tumeshajua. Nabii Yaaqub (a.s.) hajui. Anawaambia wazi kwamba anahuzunika wakimchukua na anaogopa mbwamwitu asije akamla, na wao wanampa ahadi. Mtoto anachukuliwa.

Je, yuko Mwislamu anayefika hapo akamwita Yaaqub mjinga? Hatuthubutu, na sababu haiishii kwenye kumheshimu Nabii. Aya zenyewe zimetuwekea mbele kile alichokijua yeye na kile tulichojulishwa sisi, na mwenye kusoma kwa makini anaona tofauti. Ghaibu ni ya Allah. Mwandishi wa tamthilia anatuazima nafasi inayofanana na ya mjuzi wa yote kwa dakika arobaini na tano, nasi tunaisahau kuirudisha kipindi kinapokwisha.

NDUGU WAWILI, NJIA MBILI

Mustafa hakutungwa na mwandishi. Alizaliwa mwaka 1515, akawa gavana wa Amasya, na jeshi lilimpenda. Mwaka 1553 baba yake alikuwa safarini na majeshi kuelekea Iran. Ilidaiwa mbele ya Sultan kwamba mwanawe anawasiliana kwa siri na adui, Shah Tahmasp, na kwamba anataka kiti cha enzi. Mustafa aliitwa kambini Ereğli, karibu na Konya. Tarehe 6 Oktoba 1553 aliingia hemani na akanyongwa humo. Alikuwa na umri wa miaka 38. Kaburi lake liko Bursa.

Tukisema, "Angekimbia angepona," historia inatupa jibu, kwa sababu yuko ndugu yake aliyekimbia. Bayezid, mdogo wake kwa baba, alipigana na ndugu yake Selim karibu na Konya mwaka 1559. Aliposhindwa hakwenda kujisalimisha. Alivuka mpaka pamoja na wanawe na kuomba hifadhi kwa huyo huyo Shah Tahmasp. Alipokelewa kwa heshima. Kisha barua na zawadi za dhahabu zikaanza kwenda na kurudi baina ya Sultan na Shah, na mwaka 1561 Bayezid alikabidhiwa kwa waliotumwa kumuua, akauawa kule Qazvin pamoja na wanawe.

Mmoja alitii akaenda, akafa. Mwingine alipigana akakimbia, akafa. Tukimwita Mustafa mjinga kwa kuwa hakukimbia, na Bayezid mjinga kwa kuwa alikimbia, basi neno letu halielezi chochote kuhusu akili zao. Linaeleza tu kwamba wote wawili wamekufa, na hilo tulilijua.

ALIYEKUWA NDANI YA HEMA

Jambo la ajabu ni kwamba tunapomtafuta mjinga wa kisa hiki, macho yetu yanamwendea yule aliyekuwa na habari chache kuliko wote. Hatumtazami aliyekuwa na uwezo wa kuuliza.

Sultan Suleiman alikuwa na makadhi, majasusi, maandishi na muda. Mtuhumiwa alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Hakukuwa na haja ya kumsaka. Kilichobaki ni kumweka mbele yake, kumsomea tuhuma na kumsikiliza. Wapo watakaomtetea kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa: baba yake mwenyewe, Selim wa Kwanza, alimwondoa baba yake, Bayezid wa Pili, kwenye kiti mwaka 1512. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini hofu si ushahidi, na mwenye kuogopa ndiye anayehitaji zaidi kuhakikisha, kwa sababu hofu humpa kila mzushi masikio ya kumwazima. Baada ya kifo kile jeshi lilikasirika, na waziri mkuu Rüstem Pasha, aliyetuhumiwa kuupika mchezo wote, akaondolewa. Mwaka 1555 alirudishwa kwenye cheo chake. Mustafa hakuweza kurudishwa.

Sasa mlinganishe mtawala huyu na Nabii aliyebeba jina lake. Katika Surat An-Naml, Nabii Sulaiman (a.s.) anakagua ndege na kumkosa hudhud. Anakasirika na kutaja adhabu, lakini papo hapo anamwachia nafasi ya kuleta udhuru ulio wazi. Hudhud anapokuja na habari nzito za malkia wa Saba, Sulaiman hamkatalii wala hakurupuki. Katika aya ya 27 anamjibu kwamba watatazama kama amesema kweli au ni miongoni mwa waongo, kisha anatuma barua. Ndege mdogo alisikilizwa katika ufalme ule. Mtoto wa kuzaa hakusikilizwa katika ufalme huu.

Hapo ndipo ninapouona ujinga wenye dhambi ndani yake: mtu kuwa na uwezo wa kuhakikisha, kisha asihakikishe, huku shingo itakayolipa ikiwa ya mwingine.

BASI HAKUNA MJINGA?

Mwenzangu anaweza kusema, "Ukienda hivyo utamsamehe kila mtu." Hapana. Ziko tamthilia, hasa zile ndefu za Kihindi za Zee World, ambazo mhusika anamwamini adui yule yule mara ya tano. Anaona kwa macho yake, anasikia kwa masikio yake, na bado anakunywa juisi aliyoletewa. Au ana siri ambayo sentensi moja ingemaliza ugomvi wote, naye anaikalia vipindi sitini. Mara nyingi huo si upungufu wa mhusika. Ni shida ya mwandishi anayehitaji kipindi cha kesho. Lakini katika maisha watu wa namna hiyo wapo, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba muumini hang'atwi mara mbili kutoka tundu moja.

Rudi tena kwa Nabii Yaaqub. Miaka baadaye wanawe wale wale wanamwomba mtoto mwingine waende naye Misri. Safari hii anawakumbusha yaliyopita, na hamtoi mpaka wampe ahadi nzito kwa jina la Allah. Kisha anawausia wasiingie wote kwa mlango mmoja, na katika aya ya 67 anakiri kwamba tahadhari hiyo haizuii chochote alichokiamua Allah. Mwana wa pili naye akabaki Misri. Ukimpima Yaaqub kwa matokeo, utasema amekosea mara mbili. Ukimpima kwa njia, utaona mzee aliyejifunza, aliyechukua ahadi, aliyetahadhari, kisha akamtegemea Mola wake. Na mwisho wa kisa unajua ulivyokuwa.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu mjinga, tujiulize mambo matatu. Je, alichokosa kukijua kilikuwa ndani ya uwezo wake? Je, aliuliza na kushauriana, au alijifungia na matamanio yake? Je, tundu hili lilishamng'ata kabla? Asiyepita katika maswali haya tunaweza kumlaumu, tena kwa adabu. Aliyepita, kisha mambo yakaharibika, hana deni la lawama kwetu.

KWENYE VYUMBA VYETU

Sasa tutoke Ereğli tuje Malawi. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wetu tunaotumia Kiswahili hapa, wazazi wetu walifika kutoka Kongo na Burundi. Walivuka Ziwa Tanganyika, wakapita Kigoma na Mbeya, wakaingia Karonga. Sasa watoto wamekua, wamefika chuo, wana simu. Na maswali yameanza. "Baba, kwa nini hamkuondoka mapema, kabla nyumba haijachomwa?" "Mama, kwa nini Malawi? Mbona hamkwenda Uganda, ambako mkimbizi hupewa kipande cha ardhi?"

Mwingine analaumiwa kwa duka. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini hadi katikati ya Aprili, na Mei polisi wakaanza kuwakamata. Watu walioanza biashara zao Lilongwe, huku Nsungwi na kwingineko, walijikuta wakifunga milango na kupakia mizigo. Haikuchukua wiki, wajuzi wakajitokeza: "Sheria ilikuwepo siku zote. Alikuwa mjinga kuweka akiba yake yote mjini."

Ndugu yangu, keti mahali alipokaa yeye. Alijua sheria ipo. Alijua pia kwamba kwa miaka mingi haikutekelezwa kwa ukali, kwamba posho ya kambini inapungua, na kwamba ada ya shule, huenda ni ada yako wewe, haisubiri. Alipima, akauliza waliomtangulia, akaamua. Wewe unamhukumu kwa habari za 2023 juu ya uamuzi wa 2015. Huo ndio muziki ambao yeye hakuusikia.

Na kuhusu kuondoka na kubaki, turudi kwenye tauni ya Amwas kule Sham, mwaka wa 18 Hijria. Khalifa Umar (r.a.) alifika Sargh na jeshi akaambiwa kuna ugonjwa. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, akawasikiliza wote, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafikiana na uamuzi huo: msiingie penye tauni, wala msitoke kwa kuikimbia. Umar alirudi Madina akasalimika. Abu Ubayda alibaki na watu wake akafariki kwa tauni ile ile. Umma wetu, karne zote hizi, haujamwita Umar mwoga wala Abu Ubayda mjinga.

Mzazi aliyekimbia mapema na mzazi aliyechelewa kwa sababu alikuwa na mgonjwa wa kubeba, wote wanastahili angalau sehemu ya adabu hiyo. Mtume (s.a.w.) alituambia kwamba hakimu akijitahidi na kupatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Ikiwa Mola anaandika ujira kwa juhudi iliyokosea, sisi tunaandika matusi kwa kalamu gani? Na katika hadithi iliyopokewa na Muslim alitukataza, tukipatwa na jambo, tusiseme "laiti ningefanya hivi," kwa maana neno hilo hufungua kazi ya shetani. Ikiwa mtu hapaswi kujitesa kwa "laiti" yake mwenyewe, vipi sisi tumbebeshe ya kwetu?

Napendekeza jambo moja la kufanya. Ukirudi nyumbani likizo hii, usimuulize mzazi kwa nini alikosea. Muulize siku ile alikuwa anajua nini, alikuwa na nani, na mfukoni alikuwa na kiasi gani. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Huenda ukasikia mambo ambayo hajawahi kuulizwa na mtu yeyote.

Allah atujaalie tuwe wenye kuhakikisha kabla ya kuhukumu, awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atupe hekima katika maamuzi ambayo watoto wetu watakuja kuyapima. Aamin.

Wabillaahi tawfiq.