Elimu ya Masafa na Deni la Chuo

Liko swali ambalo kila anayejishughulisha na elimu ya taifa letu leo hana budi kulikabili: je, vyuo vyetu vipanue masomo yatolewayo kwa njia ya mtandao, ili mwanafunzi asome akiwa kwake pasipo kuhamia chuoni? Wapo wanaojibu upesi kwamba ndiyo, kwa kuwa nafasi za mabweni ni chache na wanaotaka kusoma ni wengi. Wapo pia wanaojibu upesi kwamba hapana, kwa kuwa elimu isiyokuwa na mwalimu mbele ya mwanafunzi, kwao, ni karatasi tu. Mimi naona kwamba majibu yote mawili yametolewa kabla swali halijaulizwa sawasawa. Yafaa kwanza tuulize: chuo kikishampokea mwanafunzi kisiyemwona, kina deni gani kwake?

Wengi hudhani kwamba kufundishana kwa mbali kumeletwa na kompyuta. La hasha. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa visiwa vya Lamu, alitunga utenzi wake mashuhuri mnamo 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake mafunzo ambayo alijua hatapata wasaa wa kumpa kwa kinywa. Haukupita muda mrefu akafariki. Hilo lilikuwa somo la masafa kwa maana yake kamili, maana kilichomtenga mwalimu na mwanafunzi hakikuwa bahari wala pori, bali kaburi. Tunaweza kutokubaliana na baadhi ya aliyoyafundisha juu ya mke na mume (mimi binafsi sikubaliani nayo yote), lakini hatuwezi kukana kwamba somo lile lilifika. Nalo lilifika kwa sababu mtunzi hakuandika kwa yeyote tu atakayesoma. Alimwandikia mtu mmoja aliyemjua, aliyejua tabia yake na maisha yaliyomngoja.

Basi utamaduni wetu haukatai mafunzo ya mbali. Ni kweli kwamba yako mambo ambayo haukubali kuyatuma kwa barua. Hakuna kungwi aliyepata kumfunda mwari kwa posta, na sidhani kama yuko mzazi ambaye angependa mkunga wa mkewe awe amejifunza kuzalisha kwa kutazama picha tu. Mafunzo ya mikono yataendelea kutaka mikono, na juu ya hayo hatuna haja ya kubishana. Ubishi wetu ni juu ya masomo yale mengine, ambayo kiini chake ni kusoma, kufikiri, kuandika na kusahihishwa.

Katika hayo Tanzania ina uzoefu wa kutosha, ingawa mara nyingi tunazungumza kana kwamba hatuna. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa njia ya redio. Lakini redio haikuachwa peke yake. Wananchi walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto apate nafasi katika shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakuwapo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa wakati, hata kama vingelaza wanachuo watatu katika kitanda kimoja. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa, wakafundisha kwa saa chache kila siku, na saa zilizobaki wakajifunza ualimu vijijini humohumo, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa walimu wenye uzoefu. Waliofuzu kwa njia hiyo walizidi 35,000.

Najua walivyobezwa. Jina la “mwalimu wa UPE” liligeuzwa kuwa tusi, na hadi leo liko katika vinywa vya watu ambao wenyewe walifundishwa kusoma na walimu haohao. Sisemi kwamba mafunzo yao yalitosha. Hayakutosha, na watoto wengi walilipa gharama ya upungufu huo. Ila pale ambapo mwalimu mwenye uzoefu alikaa kweli na wanagenzi wake na kuyasoma madaftari yao, walitoka walimu hodari, nami nimefanya kazi pamoja na baadhi yao. Pale ambapo alitia saini tu katika fomu, walitoka watu waliokwisha kuambiwa kwamba ni walimu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kwa kufanya hivyo taifa lilikubali rasmi kwamba mtu anaweza kupata shahada bila kuacha kazi yake, shamba lake au watoto wake. Jirani zetu wa Kenya walikipa hati Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023. Kati ya tarehe hizo mbili ulikuja ugonjwa wa UVIKO, na vyuo vyetu vikafungwa kuanzia Machi 2020 hadi mwanzoni mwa Juni. Katika majuma hayo ilidhihirika ni nani aliyekuwa amejiandaa. Kutuma maandishi ya mhadhara katika simu ya mwanafunzi ni kazi ya dakika moja. Kumfundisha mwanafunzi huyo ni jambo jingine kabisa.

Hapa niseme juu ya pingamizi moja ambalo naliheshimu kuliko mengine. Husemwa kwamba chuo si mihadhara tu. Chuo ni bweni, ambamo Mhaya analala kitanda cha juu na Mmakonde cha chini. Ni meza ya chakula na mjadala wa usiku. Ni mahali ambapo kijana wa Pemba na kijana wa Mbulu wanagundua kwamba lugha yao ni moja. Umoja wa taifa hili ulijengwa kwa sehemu kubwa katika shule za bweni na vyuo, na mtu asomaye peke yake chumbani, mbele ya kioo kidogo, hapati hayo. Pingamizi hili ni la kweli. Lakini linasahau kuuliza huyo anayesoma peke yake, kama asingesoma hivyo, angekuwa wapi. Aghalabu asingekuwa bwenini. Angekuwa palepale alipo, bila masomo. Mwuguzi wa zahanati ya mbali mwenye watoto wawili hachagui kati ya bweni na simu yake. Anachagua kati ya simu yake na kukosa kabisa.

Hofu yangu mimi ni nyingine. Nahofia siku ambayo mtoto wa mwenye nacho atakaa chuoni pamoja na mwalimu, na mtoto wa mkulima ataambiwa asome kwa mtandao, tena kwa vifurushi anavyonunua mwenyewe kwa fedha ya korosho au ufuta. Zitakuwa elimu mbili zenye cheti cha jina moja. Na chuo kitaona raha kupanua upande wa pili, kwa kuwa mwanafunzi asiye na kitanda wala dawati, asiyeweza kuandamana hadi mlangoni kwa mkuu wa chuo, hana gharama wala usumbufu. Karo yake inafika, yeye hafiki. Hapo ndipo lile deni linapoanza.

Niruhusuni nieleze jambo lililonipata. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, nami nilijiandikisha kwa masomo ya posta ya Historia katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Zamani hizo Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na wakati wa masika barabara ilikatika kwa majuma mengi, hivyo bahasha yangu ilichukua siku zake kwenda na siku zake kurudi. Hilo sikulilalamikia; mvua haina chuo. Zoezi moja lilihusu Vita vya Maji Maji. Kitabu chetu kiliweka mkazo juu ya dawa ya maji. Nami nilikuwa naishi mwendo wa asubuhi moja kutoka Nandete, mahali ambapo vita vile vilianzia mnamo Julai 1905 kwa watu kung’oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Wazee wa pale walipozungumza juu ya vita walianza na pamba, wakaendelea na viboko vya maakida, na ile dawa ikaja baadaye katika masimulizi. Basi katika pambizo la zoezi langu nikamwuliza mkufunzi: kipi kilitangulia katika mioyo ya watu, dawa au pamba?

Zoezi lilirudi baada ya miezi mitano. Lilikuwa na alama kumi na nne katika ishirini na neno moja: “Jitahidi.” Katika pambizo hapakuwa na kitu. Nilifaulu, nanyi mnaweza kusema kwamba sikudhulumiwa. Lakini tangu siku ile sikuuliza tena swali katika pambizo, na mwanafunzi aliyeacha kuuliza amekwisha kuacha chuo, hata kama jina lake lingali katika daftari la karo.

Umbali katika elimu, kwa hiyo, hauhesabiwi kwa maili. Unahesabiwa kwa siku ambazo swali linakaa bila kujibiwa, na yako maswali yanayokaa miaka mitatu katika chumba cha mihadhara chenye wanafunzi mia tano, mhadhiri akiwa hatua ishirini mbele yao. Chuo kinachotaka kupanua masomo ya masafa kitangaze kwanza idadi ya wanafunzi ambao mkufunzi mmoja atasoma kazi zao, na siku ambazo hazitapita kabla hajawajibu. Kisha kipokee kwa kadiri ya idadi hiyo, si kwa kadiri ya maombi. Kama wakufunzi ni kumi, kiajiri wengine, na karo ya wanafunzi wa mbali itumike kuwalipa hao kabla ya kupaka rangi jengo la utawala. Mitihani na iwe ileile ya walioko chuoni, na ifanyike mbele ya msimamizi, kama Chuo Kikuu Huria kinavyofanya.

Siku hizi nitaambiwa kwamba ziko mashine zenye akili mnemba, ambazo zitamjibu mwanafunzi kwa dakika moja, usiku wa manane, bila kuchoka. Sizikatai. Ningekuwa na mojawapo kule Umatumbi ningeitumia, na pengine ingenipa jibu refu kuliko lile neno moja. Lakini mwanafunzi anaweza pia kuiagiza imwandikie zoezi zima, na chuo kinaweza kuiagiza ilisahihishe. Hapo mashine itakuwa imejibu mashine, mkufunzi na mwanafunzi wote wawili wamelala, na cheti kimetolewa.

Miaka michache baadaye nilijiandikisha tena, kozi nyingine, mkufunzi mwingine. Sikumjua kwa sura na sijapata kumwona hadi leo. Katika zoezi la kwanza niligusa tena habari za Nandete, kwa sentensi moja tu, bila kuuliza chochote. Bahasha iliporudi ilikuwa nzito. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono pande zote, na karibu zote zilikuwa maswali: Nani aliyekueleza habari hizi? Ana umri gani? Aliyaona mwenyewe au aliyasikia kwa baba yake? Katika shamba lile la pamba, nani alikuwa akihesabu siku za kazi, na malipo yalikuwa nini? Mwulize, uandike maneno yake kama anavyoyasema, usiyatengeneze, kisha uniletee.

Jumamosi ile nikachukua daftari na kalamu, nikashika njia ya Nandete.