Mama aliyeomba akumbukwe altareni

Wiki hii, tarehe 27 Agosti, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake mwanawe Augustino. Wengi tunamfahamu Monika wa machozi, mama aliyemlilia kijana wake miaka na miaka mpaka akaongoka. Leo natamani tumwendee akiwa mgonjwa, maana pale ana neno kwa sisi tuliozika mama.

Mwaka 387 Monika na wanawe walikuwa Ostia, bandari ya Roma, wakingoja safari ya kurudi Afrika. Kwao kulikuwa Tagaste, mji ulio katika Algeria ya leo. Pasaka ya mwaka uleule Augustino alikuwa amebatizwa Milano na Askofu Ambrosi. Homa ikamshika mama. Navigio, mwanawe mwingine, akasema heri mama afie kwao kuliko ugenini. Nasi tungesema vivyo hivyo. Tunaijua michango ya kusafirisha mwili, tunajua uzito wa kuzikwa nyumbani. Monika mwenyewe alikuwa ameshaandaa kaburi kando ya mumewe Patrisio, na jambo hilo lilimshughulisha sana. Sasa akaliachilia. Mwili wauzike popote, wasihangaike nao. Alichowaomba ni kumkumbuka altareni kwa Bwana, popote watakapokuwa. Siku ya tisa ya ugonjwa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Augustino, aliyekuwa na miaka 32, alimfumba mama macho akayazuia machozi kwa nguvu, hata kaburini. Akaenda kuoga akitumaini uchungu utapungua, haukupungua. Akalala, akaamka, na hapo peke yake mbele za Mungu akalia. Baadaye aliandika kwamba alilia, wote wasome. Nawaambia akina baba na vijana mliosimama wakavu makaburini kwa kuwa mliambiwa mwanamume halii: huyu ni mwalimu wa Kanisa, na alimlilia mama yake.

Kinachonigusa zaidi ni namna alivyomsimulia. Katika Maungamo, aliyoyaandika miaka kama kumi baadaye, anamsifu kwa mapenzi makubwa: alivyomfuata mwanawe ng'ambo ya bahari baada ya kutorokwa usiku kule Karthago, alivyopatanisha waliogombana bila kupeleka maneno ya huyu kwa yule. Lakini humohumo anaeleza kwamba Monika alipokuwa binti, akitumwa kuchota divai, alionja kidogo leo na kidogo kesho mpaka akazoea kunywa vikombe karibu kujaa, hadi siku mtumwa wa nyumbani alipomwita mlevi. Ni wasifu gani wa marehemu kwetu ungesoma hilo? Kisha anamwombea mama msamaha wa dhambi zake. Hakuona kwamba kufanya hivyo ni kumvunjia heshima.

Mama zetu walikesha tulipougua, walirauka kwenda sokoni ili ada ipatikane, walisema wameshiba kumbe sufuria imekwisha. Mama haohao, wengine walituchapa kwa hasira, wakampendelea mmoja wetu, wakanuniana na mkwe mpaka kufa. Tukimfanya malaika siku ya mazishi, tutaacha kumwombea kabla maua hayajanyauka, kwani malaika ana haja gani ya misa? Anayehitaji sala zetu ni yule tuliyemjua hasa, aliyechoka, aliyekosea, aliyetupenda hivyohivyo.

Kwa hiyo, wapendwa, mnapoandika nia za misa wiki hii, andikeni jina la mama. Augustino aliwasihi wasomaji wake wamkumbuke Monika altareni, na pamoja naye akamtaja Patrisio, baba mwenye hasira kali, asiye mwaminifu katika ndoa, aliyempokea Kristo mwishoni mwa maisha yake. Kama jina la baba ni zito kwako kuliandika peke yake, liandike chini ya la mama.