JE, KUOMBA DHAMANA NI KUMDHANIA MTU VIBAYA?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa hii tunazungumza juu ya jambo ambalo wazee wengi hulidhania kuwa ni la vijana wa mjini tu, nalo ni kununua vitu kwa simu. Mtu yuko hapa Makobola, anaona katika WhatsApp au Facebook picha za pano za umeme wa jua, au mashine ya kushona, au mota ya mtumbwi. Bei ni nafuu kuliko ya Uvira. Muuzaji anasema yuko Kariakoo, Dar es Salaam, mzigo utapita Kigoma, utavuka ziwa na kushukia Kalundu. Anaomba nusu ya bei itangulie. Basi mnunuzi anapotaka kusema, "Ndugu yangu, nitalipa mzigo ukifika," ulimi unakuwa mzito. Anasema moyoni: huyu ameniamkia kwa salamu ya Kiislamu, ameapa kwa Mungu, nami nimefundishwa kumdhania Muislamu mwenzangu mema. Nikimwomba dhamana, si nimemwita mwizi?

Swali hili ni la kweli, wala mwenye kuliuliza asichekwe. Dhana mbaya ni dhambi, na tumeonywa juu yake. Lakini walaghai nao wamelisikia onyo hilo, na wamelifanya chambo. Ukiwauliza maswali mawili wanakuwa wakali: "Kumbe huniamini? Wewe Muislamu gani?" Mtu mwema anaona haya, anatuma feza. Hivyo ni haya yake ndiyo iliyoibiwa kwanza, feza ikafuata.

Tuangalie dini imefanyaje. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya sura Al-Baqara, haizungumzii Sala wala Hija. Inazungumzia deni: liandikwe, pawe na mwandishi mwadilifu, pawe na mashahidi. Inayofuata inasema habari ya wasafiri wasiopata mwandishi, kwamba rehani ikabidhiwe mkononi. Na kama watu wanaaminiana, basi aliyeaminiwa atimize amana yake. Angalieni mpangilio huo. Kuaminiana kumetajwa, na kuna nafasi yake, lakini ni kwa watu ambao tayari wanaaminiana. Aliyekutumia picha jana jioni hajafika hapo. Na wale walioambiwa waandike na waweke mashahidi walikuwa masahaba wa Mtume, watu bora kuliko sisi. Hatukusikia kwamba walikasirika wakasema wametukanwa.

Kuna sahaba mmoja aliyeitwa Habban bin Munqidh. Alikuwa amepata jeraha la kichwa, na akili ya biashara ikampungukia. Kila alipokwenda sokoni watu walimpunja. Jamaa zake wakataka azuiwe kabisa kununua na kuuza. Yeye akasema hawezi kuvumilia kukaa bila biashara. Mtume (s.a.w.) hakumkemea wala hakumwambia kwamba ujinga wake ndio umemponza. Alimfundisha maneno ya kusema kila anapofanya biashara, kwamba pasiwe na udanganyifu, na akampa hiari ya siku tatu: akiona amedanganywa, anarudisha kitu. Ndiyo kusema, yule dhaifu alipewa sharti la kumlinda, na sharti hilo alilisema mdomoni mwake mwenyewe mbele ya muuzaji. Kama kutaja sharti kungekuwa kumdhania mtu vibaya, Mtume asingemfundisha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Dhana njema ni kazi ya moyo na ulimi: usimwite mtu mwizi, usimsengenye, usimtangaze kabla ya kujua. Ama feza, kazi yake hufuata mkataba. Unaweza kumdhania mtu mema kabisa na papo hapo ukamwambia utalipa ukiuona mzigo. Muuzaji mkweli hatakasirika, kwa sababu yeye mwenyewe kule anakonunua anaombwa hivyo hivyo.

Mtu atasema: mbona sheria imeruhusu kulipa kabla ya kupokea? Kweli, imeruhusu, nayo inaitwa salam. Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla hayajavunwa. Hakuwakataza. Aliwaambia wawe na kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Lakini tusisahau kwamba salam husimama juu ya dhima, yaani mzigo unabaki juu ya shingo ya muuzaji mpaka autoe. Na dhima ni ya mtu. Mtu ana jina, ana ukoo, ana nyumba, anaweza kuitwa mbele ya kadhi au chifu. Namba ya simu haina dhima. Laini za simu huuzwa barabarani zikiwa zimekwisha andikishwa kwa jina la mwingine. Leo inaita, kesho imetupwa ziwani. Ukimlipa mtu usiyemjua, mwenye namba tu na picha, hujafanya salam hata kama umeiita hivyo.

Katika karne ya 19 matajiri wa Unguja, kama yule Mhindi Taria Topan, walikopesha bidhaa kwa wasafiri waliokuja bara kukaa miezi na miaka, akiwamo Tippu Tip. Biashara ile ilikuwa na dhuluma kubwa ndani yake, watu waliuzwa kama mbuzi, na ardhi hii yetu ya Kongo inaikumbuka; siisifu. Nataja jambo moja tu, kwamba hata wale hawakukopesha sauti. Walikopesha mtu waliyemjua, mwenye jamaa na mali waliyoweza kuifikia.

Na maulamaa wamekwenda mbali zaidi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakiuzwi. Wahanafi wamekiruhusu, lakini wakampa mnunuzi hiari ya kukikataa akikiona. Wanatofautiana katika hukumu, na wote wawili wanakutana katika kumlinda yule ambaye macho yake hayajafika kwenye mali.

Sasa njia za kulipa. Wengi huuliza ipi ni salama, M-Pesa, Airtel Money, Orange Money au benki. Mimi naona swali la kwanza ni jingine: wakati mzigo uko njiani, feza iko mkononi mwa nani?

Ikiwa iko mkononi mwako, umelala vizuri. Hiyo ndiyo kulipa wakati wa kupokea, na kwa watu wa hapa hakuna bora kuliko hiyo. Fungua mzigo, washa kitu, ndipo ulipe. Au mpe mfanyabiashara wetu anayevuka kwenda Bujumbura au Kigoma, anayejulikana na familia yake inajulikana, akununulie kwa faida yake. Utalipa zaidi kidogo. Ile tofauti si hasara, ni bei ya kumjua mtu.

Ikiwa feza iko kwa mtu wa kati, ni njia nzuri pia. Wachina walipoanza soko la intaneti la Taobao mwaka 2003, wanunuzi na wauzaji hawakuaminiana, maana hawakuonana. Ndipo ikaanzishwa njia inayoitwa Alipay: mnunuzi analipa, feza inazuiwa katikati, muuzaji anatuma mzigo, na mnunuzi akithibitisha kwamba ameupokea ndipo feza inaachiliwa. Soko likakua kwa sababu hiyo. Nasi tukifungua vitabu vya fikihi mlango wa rehani, tutamkuta mtu huyo tangu zamani, mwadilifu anayewekewa rehani na pande zote mbili. Basi ukinunua katika soko la intaneti lenye utaratibu huo, usitoke ndani yake. Muuzaji akikuambia, "Njoo tuongee WhatsApp, nikupunguzie bei," anakutoa kwa mwadilifu ili mbaki wawili.

Mwenye kadi ya benki, kama Visa, ana mlango mwingine: mzigo usipofika anaweza kulalamika benki yake kwa muda uliowekwa, na mara nyingine feza hurudi. Lakini namba za kadi, pamoja na zile tatu za nyuma, asizitume kwa mtu katika ujumbe. Na akiweza, aweke kwenye kadi hiyo kiasi cha manunuzi tu, wala si akiba ya mwaka.

Ikiwa feza iko tayari kwa muuzaji usiyemjua, basi umebaki na dua tu. Feza ya simu iliyopokelewa na kutolewa kwa wakala ni kama noti uliyompa mtu usiku akaenda. Western Union ni hivyo hivyo. Njia hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kumtumia mama yako, mtoto aliye shuleni, ndugu. Vodacom ilipoleta M-Pesa hapa Kongo mwaka 2012, watu wa vijijini walipata nafuu kubwa. Na mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili na benki zikafungwa, simu ndiyo iliyolisha nyumba nyingi. Sitaki mtu atoke hapa akisema imamu amekataza feza ya simu. Nasema haikutengenezwa kumlinda mnunuzi asiyemjua muuzaji.

Na ni katika vita hivyo hivyo ulaghai unapozidi, kwa kuwa jamaa wametawanyika na hawaonani. Unapata ujumbe katika namba ya ndugu yako kwamba amekwama, tuma haraka. Mpigie, usikie sauti yake, umuulize jambo ambalo ni la nyumbani kwenu. Anaweza kuwa ameibiwa WhatsApp yake. Tanzania kuna ujumbe uliokuwa mashuhuri mpaka watu wakaufanya mzaha, usemao ile pesa itumwe kwa namba hii. Mwizi hakujui, ameutuma kwa watu wengi. Ila katika wengi hao yupo aliyekuwa karibu kulipa kodi ya nyumba, anadhani ni mwenye nyumba, anatuma. Haraka ndiyo inayowaua watu. Namba ya siri nayo, hakuna kampuni inayomwomba mteja. Anayekuuliza ni mwizi, hata akikutajia jina lako lote. Na jina likitokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo, lisome. Ukiona muuzaji ni Hassani na jina linasema Marie, simama hapo.

Upande wa wauzaji sisemi mengi. Mama muuza ndagala akionyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mnunuzi, asitoe kilo hata moja mpaka aangalie salio lake mwenyewe, maana ujumbe huandikwa na yeyote. Lakini naye aliyeloweka ndagala chini na kuweka zilizokauka juu asimlaumu mwizi wa simu. Mtume alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni na vidole vikatoka na maji, maneno aliyomwambia mwenye nafaka tunayajua sote.

Feza ikiingia kwako kwa makosa, si riziki yako, ni amana. Ila usiirudishe mwenyewe kwa namba unayotajiwa, kwa kuwa huo nao ni mtego: hukuambia imeingia kumbe haikuingia, ukatuma ya kwako. Nenda kwa kampuni au wakala, waangalie, waiondoe wao.

Limebaki moja, nalo linaniumiza kuliko yote. Kijana anayekubali laini yake ipokee feza ya watu asiowajua, kisha aitoe kwa wakala na kubakiza sehemu yake, anasema yeye hakumdanganya mtu. Bila mkono wake mwizi wa mbali asingefika Makobola. Hiyo sehemu anayobakiza ni haramu, na anakula mali ya mjane ambaye pengine wanasali msikiti mmoja.

Mjane huyo hatamwambia mtu. Ndivyo ilivyo kwetu: aliyevunjiwa duka analia barabarani na watu wanakuja, lakini aliyeibiwa kwa simu ananyamaza, anaogopa kusikia, "Na wewe ulikuwa unatafuta nini?" Kwa kunyamaza huko namba ile ile inapiga nyumba ya pili na ya tatu. Habban alipunjwa mara nyingi, na hakuchekwa. Anayeibiwa asifute ujumbe. Akimbilie kampuni ya simu saa ile ile, kwani feza ikiwa bado haijatolewa inaweza kuzuiwa. Kisha aende polisi na namba, tarehe na kiasi. Serikali ilitoa sheria ya mambo ya kidijitali tarehe 13 Machi 2023, na makosa haya yamo. Kama hajui kusoma, au anaona aibu kwenda peke yake, aje msikitini baada ya Alasiri, atapata mtu wa kumwandikia na kumsindikiza.

Wabillahi tawfiq.