Je, Kusema "Sikujua" Kunatosha?



Wengi wetu husema: dawa ya pori haiwezi kuua, kwani Mungu ndiye aliyeiumba. Tuliangalie neno hili.

Katika pori za Katanga kunaota mmea wenye kutambaa. Ncha za majani yake zinashika matawi kama vidole, na ua lake ni jekundu na njano kama moto. Wenye elimu wanauita Gloriosa superba. Mzizi wake unafanana na kiazi. Watu huutumia kuua chawa, kutibu sumu ya nyoka, hata kumharakishia mama kuzaa (hapo ninaogopa sana). Ndani yake mna kolichisini. Lopitali inatibu gauti kwa kitu hicho hicho, lakini kwa kidonge cha nusu miligramu! Kipande cha mzizi hakina kipimo. Aliyekinywa anaweza kukaa saa kadhaa bila neno, halafu anatapika na kuharisha. Akipona, nywele zinanyonyoka, wengine wanakufa.

Someni 2 Wafalme 4. Yule aliyechuma matango ya mwitu hakuwa mwovu, alitaka kulisha wenzake wakati wa njaa. Hata hivyo mauti iliingia chunguni. Basi nasema: anayempa mgonjwa mzizi asioujua, naye angeweza kuuliza, ana deni, hata kama aliomba kwanza. Muuzaji anayeficha jina la mzizi, deni lake ni kubwa zaidi.

Wale wa Elisha walipoonja walipiga kelele mara moja. Mgonjwa wetu naye akianza kutapika, apelekwe lopitali siku ile ile, pamoja na kipande cha mzizi, munganga akione.