Je, Mzee Amfunze Kijana Kuvuta Kiko?

Kila ufundi una wanagenzi wake, na kila mwanagenzi humtafuta wa kumwelekeza. Mfinyanzi, mvuvi, mhunzi na mkulima wa migomba, wote walipata kukaa chini ya mtu aliyewatangulia. Kwa hiyo huonekana kana kwamba swali la kufunza na kufunzwa limekwisha kujibiwa zamani: ajuaye na amfunze asiyejua. Lakini yako mambo ambayo mtu huyajua barabara, na vijana humwendea ili awafunze, naye hana budi kujiuliza kwanza kama ni haki ayafunze. Katika makala haya tumechagua jambo moja la namna hiyo, nalo ni uvutaji wa kiko kama ulivyozoeleka katika vijiji vya Bukoba na Muleba. Ni jambo dogo, lakini linatufikisha kwenye swali kubwa.

Katika nchi hii ya magharibi ya Ziwa Viktoria kiko hakikuwa cha wanaume peke yao. Bibi wazee nao wamekivuta, na hakuna aliyeshangaa. Kiko chenyewe ni chombo chepesi: bakuli dogo la udongo au la mti, na mrija wa kupitishia moshi. Hata hivyo, kukivuta vizuri kunataka mafunzo. Anayeanza huambiwa asijaze tumbaku kwa pupa: ilegee chini na ikazwe kidogo juu, maana ikibanwa mno hewa haipiti, na ikilegea mno huwaka yote mara moja. Huambiwa asitumie tumbaku mbichi, kwa kuwa unyevu wake hugeuka mvuke ukauchoma ulimi. Huambiwa avute polepole kama anayeonja uji wa moto, na moshi usiteremke kifuani. Kiko kikipata joto kali, akiweke chini kipoe. Akimaliza akung'ute majivu na kusafisha mrija, kwa sababu kiko kichafu humwaibisha mwenyewe mbele ya wageni.

Tukiyatazama mashauri hayo kwa makini, tutaona kwamba ndani yake mna mafunzo ya tabia. Mwenye papara hawezi kiko. Mlafi naye hakiwezi, maana kizunguzungu na kichefuchefu humrudi mara. Tena kiko ni chombo cha baraza: mtu aliyekaa nacho amekwisha kukubali kuketi, kusikiliza, na kuacha neno la mwenziwe lifike mwisho kabla ya kulijibu. Subira, kiasi na mazungumzo ni tunu ambazo taifa lolote lingependa kuzirithisha vijana wake. Ndiyo maana wako wasemao kwamba kumnyima kijana kiko ni kumnyima sehemu ya urithi wake, nao hutukumbusha methali isemayo kuwa mwacha mila ni mtumwa.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haina budi kupimwa. Kwanza, tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Asili yake ni Amerika, na ilianza kuenea katika mabara mengine baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Ilipofika kwenye maziwa yetu makuu, watu wa huku walikuwa wamekwisha kujua kufua chuma, kupanda migomba na kutawaliwa kwa desturi zao. Mababu wa mababu zetu, basi, walikuwa na subira, kiasi na mazungumzo kabla hawajaona jani la tumbaku. Tunu hizo hazikuzaliwa na moshi. Moshi ulizikuta barazani.

Pili, tunajua leo mambo ambayo wazee wa zamani hawakuwa na njia ya kuyajua. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walitangaza nchini Uingereza uchunguzi ulioonyesha jinsi uvutaji wa sigara unavyohusiana na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 taarifa ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ilikitaja kiko chenyewe kuwa chanzo cha saratani ya mdomo. Kutoshusha moshi kifuani hakumwokoi mvutaji, kwa maana midomo, ulimi na koo hupata sehemu yao. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Taifa letu lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 likajiunga na mkataba wa kimataifa unaohusu jambo hilo.

Tatu, ndani ya tumbaku mna nikotini, ambayo huufanya mwili uidai tena na tena. Hapo ile methali inatugeukia. Ikiwa mwacha mila ni mtumwa, tumwiteje mtu ambaye hawezi kuamka asubuhi bila kwanza kukitafuta kiko chake? Watu husema kwamba kijana ana uhuru wa kuchagua, nasi twakubali. Lakini uko uchaguzi ambao mtu huufanya mara moja kwa uhuru, na baadaye uchaguzi huo ukawa ndio unaomchagulia yeye. Mzee aliyevuta miaka hamsini na kijana ambaye hajaanza hawalingani katika jambo hili: kijana bado anao uhuru ambao mzee alikwisha kuutoa.

Hatusemi kwamba wazee wapokonywe viko vyao, wala kwamba mtoto amkemee babu yake. Huo ungekuwa utovu wa adabu, na adabu ni sehemu ya utamaduni tunaotaka kuulinda. Wala hatusahau kwamba wako wakulima wenzetu, huko Tabora na kwingineko, wanaosomesha watoto kwa fedha ya tumbaku, na kwamba zao hilo huliingizia taifa fedha za kigeni. Anayewalaumu hao bila kuwatafutia zao jingine anasema maneno mepesi. Tunachouliza ni kitu kimoja tu: je, yule anayekijua kiko amwanzishe asiyekijua?

Ili kujibu, tutazame mfano mwingine wa Buhaya. Tangu kabla ya wakoloni, kahawa ilikuwa kitu cha heshima katika nchi hiyo. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, kisha zikatafunwa; na mgeni aliyefika kibanjani alipewa kahawa hiyo kuwa dalili ya kukaribishwa. Kahawa hiyohiyo ilitumika pia katika omukago, yaani udugu wa kuchanjiana: watu wawili walichanjwa, na kila mmoja akala buni iliyopakwa damu ya mwenziwe. Lilikuwa agano zito, na ndani yake mlikuwa na uaminifu ambao tunauhitaji hata leo.

Kisha kukaja msiba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera. Nyumba nyingi zilifungwa, na bibi wengi walirudia kazi ya kulea wakiwa wazee. Watu wa mkoa huo walilazimika kuzikagua desturi zao moja baada ya nyingine, iwe kurithi wajane au kuchangia wembe, na kuuliza ipi inajenga na ipi inaua. Je, kwa kuogopa damu ya mtu mwingine waliacha kuwa Wahaya? Hasha. Buni za kutafuna zingali zikitolewa kwa mgeni, na rafiki wa kweli angali akiitwa ndugu. Wembe ukiwekwa kando, udugu hubaki.

Hapo ndipo tunapopata jibu letu. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yetu yote na kuyafanya kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa. Kutafuta yaliyo bora ni kuchagua, na kuchagua ni kupepeta. Apepetaye mtama hautupi ungo pamoja na makapi, wala hayahifadhi makapi kwa sababu yalikuwamo katika ungo wa babu yake.

Basi kijana akimwendea mzee na kumwomba amfunze kiko, mzee asimfukuze, kwa kuwa ombi hilo mara nyingi ni ombi la kukaribishwa barazani. Amweleze ukweli wote: jinsi kiko kinavyojazwa, jinsi kinavyomshika mtu, na jinsi ilivyo vigumu kukiacha. Amwonyeshe kifinyangwavyo, maana ufinyanzi ni elimu. Lakini asimwashie. Badala yake ampe buni za kutafuna, amwonyeshe mahali pa kuketi, na amfunze kusubiri neno la mwenziwe. Akifanya hivyo, atakuwa amempa kijana yule urithi uliokuwa ukikaa karibu na kiko siku zote, bila kumwachia deni ambalo mwili wake utalilipa uzeeni.

Nanyi walimu, na ninyi wanafunzi, ifanyeni kazi hiyo kwa mila nyingine za kwenu. Kabla ya kusema desturi fulani iachwe au ishikwe, ulizeni kwanza ni kitu gani ndani yake kilichowafanya watu wema waipende.